Waya za Kuonyesha Polisi

Mkwe wangu Veselin ni kijana mzuri, nisimseme vibaya. Anampenda binti yangu, hanywi sana, na kuni ananikatia. Ila ni mtu wa pwani. Kakulia mji wa Bar, kwenye ndimu na bahari, theluji alikuwa akiiona kwa mbali juu ya milima kama chumvi. Halafu kanunua gari jipya, lile ambalo tairi zote nne zinavuta, basi hashikiki.

Asubuhi ya Krismasi yetu, ile ya Waorthodoksi ya Januari, jua bado, mimi nishavaa, magoti nishayapaka mafuta. Nikamwambia, "Veselin mwanangu, tufunge tairi minyororo ya theluji hapa hapa uani, tukiwa tunaona tunachofanya."

"Baba, gari hili si lile Niva lako. Hili linavuta kote kote."

"Kuvuta linavuta. Na kusimama je?"

Akacheka. "Mzee wangu, unaogopa barabara?"

Barabara siiogopi. Nilikuwa naogopa kuchelewa. Dada yangu Stamena anakaa Mala Crna, huko juu kabisa, yeye na ng'ombe wake basi. Na kwetu, mtu wa kwanza kuvuka kizingiti asubuhi ya Krismasi ndiye anayeubeba mwaka mzima wa nyumba ile. Anaingia, anachokoa moto kwa kijiti, cheche zikiruka anaomba: ndama wawe wengi kama hizi, kondoo kama hizi, afya kama hizi. Tangu shemeji afariki, mguu huo ni wangu. Mwaka jana nililala na homa, jirani akaingia kuomba chumvi, basi ng'ombe akatoa mimba na paa la zizi likaanguka. Stamena hajanisamehe. Safari hii kafunga mlango, hali, hanywi, hamfungulii mtu mpaka nifike mimi.

Tulipoiacha barabara iliyofagiliwa theluji, kwenye mwinuko wenye misonobari, gari likaanza kukoroga. Tairi zinazunguka zote nne, kwa haki kabisa, hakuna inayomwonea mwenzake, na sisi hatuendi.

"Haya, sasa?"

"Sasa tufunge," akasema, kwa sauti ndogo.

Minyororo iko wapi? Chini kabisa ya buti. Tukashusha paja la nguruwe, tukashusha jibini, tukashusha chupa za rakija, pombe yetu kali ya matunda, theluji inatuingia shingoni. Mfuko ukaonekana, na nailoni yake ya dukani bado.

"Hujawahi kuufungua?"

"Baba, ule ni wa kuonyesha polisi. Wakikusimamisha wanauliza unayo, unasema ninayo, wanakwambia nenda."

Kufungua, hata si minyororo. Ni waya, kama za kuanikia nguo, jozi moja. Tairi nne, waya mbili.

"Tufunge mbele au nyuma?" akaniuliza.

"Kote! Si ulisema linavuta kote kote?"

"Baba, niko na jozi moja."

Tukafunga mbele, maana ndiko kunakopinda. Na kufunga kwenyewe! Vidole vimekufa, ndoana haifiki, ikifika inachomoka. "Vuta!" "Navuta!" "Huvuti wewe, umeshika tu!" "Baba, nakuheshimu, ila nyamaza kidogo." Jua likatoka tukiwa bado tumepiga magoti. Namfikiria Stamena na njaa yake, namfikiria jirani na chumvi yake, nataka kulia.

Mwisho gari likapanda kama mbuzi. Veselin akaanza kupiga mluzi. Nikamwambia, "Acha mluzi, mbele kuna mteremko wa kijito." Kwenye mteremko akakanyaga breki. Mbele kukashika. Nyuma, kusikofungwa kitu, kukatuaga, kukazunguka kutupita. Tukatua mtaroni, tunatazama tulikotoka. Hakuumia mtu, ila jibini.

Nyumba ya Stamena ile pale, moshi unatoka. "Nakimbia kuomba koleo," akasema, huyoo. Mlango wangu umebanwa na theluji. Ndipo ikanijia.

"Veselin! Usiingie! Ita ukiwa nje! Usivuke kizingiti!"

Kofia imeziba masikio. Akanipungia mkono.

Nikatambaa kutokea upande wake, nikajikokota na magoti yangu haya. Nafika, namkuta kakaa kwenye kigoda motoni, nywele zimejaa ngano ya baraka aliyorushiwa, mabegani kavishwa blanketi zito la sufu ili malai ya mwaka huu iwe nzito, mdomoni maandazi.

"Kristo amezaliwa, dada."

"Hakika amezaliwa. Umechelewa, kaka. Amebisha, nikajua ni wewe, nikafungua."

"Katanguliza mguu gani?"

"Hajatanguliza mguu. Kateleza hapo mlangoni, kaingia kwa tumbo."

"Kwa tumbo!"

"Nikampa kijiti, akachokoa. Cheche zimepanda mpaka darini. Zako hazijawahi."

"Baba," akasema Veselin, "mimi nilitaka koleo tu."

Sasa desturi yenyewe ndiyo hii: mwaka ukienda vizuri, mguu ule ule ndio unaoitwa tena. Na jana Stamena kapiga simu, ng'ombe ana mimba. Namwombea azae salama, ni mali ya dada yangu. Ila azae mmoja tu, Mungu wangu. Akizaa mapacha, kila Krismasi mpaka nife mimi nitakuwa mtu wa kushika tochi, Veselin akifunga waya.