Sufuria ya Breki

Mimi mbwa sikumtaka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanipa sifa zisizo zangu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mjane, miguu imevimba kwa kusimama mchana kutwa katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, na nyumba yangu ya chini pale Buxton bomba lake lilitoa maji Jumanne na Ijumaa, tena likipenda. Mwanamke wa hali hiyo hatafuti mbwa. Anatafuta mahali pa kulaza mgongo.

Mbwa alikuwa wa jirani yangu wa juu, mzee Awiti, gadi wa treni, mtu wa Siaya aliyekaa Mombasa hata akawa hali samaki bila nazi. Alimwokota katika stesheni ya mizigo, amejibanza chini ya behewa la breki, mgongo umebabuka kwa maji ya moto aliyomwagiwa na mja asiye na haya. Awiti akamfunga katika koti lake la kazi, akamleta nyumbani, akamwita Breki. Miezi mitatu alimpaka dawa asubuhi na jioni. Kidonda kikapona, manyoya yasirudi, na mahali pale pakabaki wazi, pana kama sahani.

Mwaka ule wa tisini na sita, mzee Awiti akaanguka kwenye ngazi kwa kiharusi. Binti yake Beryl akaja kutoka Siaya kumchukua. Vijana wawili walipokuwa wakimteremsha juu ya kiti, mzee aliwasimamisha mbele ya mlango wangu. Maneno yalikuwa yamemwisha kabisa, na mdomo umekwenda upande. Aliinua mkono wa kushoto akamwonyesha mbwa, kisha akanionyesha mimi.

Angekuwa na maneno ningebishana naye. Ningemwambia, mzee, mimi ni mtu wa kuswali, maji sina, nimechoka. Lakini utabishana vipi na kidole?

"Haya, mzee," nikasema. "Wiki mbili."

Beryl naye akaapa ni wiki mbili. Ikawa miezi minane.

Wako wanaodhani kufuga mbwa ni kumtupia mfupa. Kwetu sisi, mate ya mbwa yakigusa chombo, chombo huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo ni kwa mchanga. Nguo nayo ni vivyo hivyo. Sasa hesabu mara saba kwa mtungi wa maji ulioungojea tangu Ijumaa. Siku ya kwanza tu, kabla sijageuka, Breki alitia mdomo katika sufuria yangu ya wali, ile nzito niliyopewa na mama siku ya harusi yangu, na maji yaliyokuwemo ndani ya nyumba yalikuwa ya kutawadhia tu. Nikamwachia. Nikamtengea na kanga kuukuu, na ndala, na fimbo, vyote vya mbwa, vikakaa nyuma ya nyumba kama mizigo ya mgeni asiyeondoka.

Basi ndiyo ikawa kazi yangu ya pili. Nikitoka kazini saa kumi napitia Makupa sokoni kuomba vichwa vya samaki, nikifika nabadili kanga, navichemsha na ugali, napoza, napeleka. Jumapili namtoa kupe mmoja mmoja, mikono nimeivika mipira ya hospitali iliyokwisha kazi. Akiumwa na tumbo nafagia. Mvua ikinyesha anatetemeka kwa sababu ya ule mgongo, nami namtupia gunia, nakwenda kutawadha tena, nalalamika mpaka kwenye mswala.

Ndugu yangu Mbeyu, anayekaa Kuze, Mji wa Kale, alikuja Ijumaa moja akamkuta Breki amelala mlangoni. Akasimama palepale njiani.

"Dada Mejumaa, malaika watapita wapi nyumbani humu?"

"Mlango wa nyuma upo," nikamjibu.

Hakucheka. Tangu siku hiyo akawa akija hanywi kwangu hata maji, na hilo liliniuma kuliko nilivyomwonyesha.

Ugomvi wangu mkubwa na mbwa mwenyewe ulikuwa wakati wa kula. Alikuwa na pupa ya mtoto aliyenyimwa. Nikiinama tu kuweka sufuria, huyo, amerukia, mate yanaruka kote, nami kanga yangu hatarini. Nikawa napiga fimbo chini: "Ngoja wewe!" Anasimama. Naiweka sufuria, narudi nyuma hatua tatu, ndipo namruhusu. Mwezi wa pili fimbo haikuwa na kazi tena. Anakaa, miguu ya mbele ameibana pamoja, ananitazama mdomoni mpaka nimruhusu. Mimi nikajua anaiogopa fimbo, nikajisifu.

Na alijifunza mengine ambayo sikumfunza. Jioni aliningojea kwenye kona ya barabara, akanitangulia mpaka nyumbani, na hata mara moja hakuigusa kanga yangu. Alijua hasa umbali ninaoutaka. Watu niliozaliwa nao hawajaujua mpaka leo.

Mwezi wa nane akaja Crispus, gadi kijana wa Kitaita aliyefanya kazi chini ya mzee Awiti, na barua ya Beryl. Baba yake hataki kufanya mazoezi, hataki kukaa na watu, kutwa anaonyesha mlango kwa kidole. Wamekisia kila kitu, mpaka wakafahamu kwamba anamtaka mbwa. Je, naweza kumpakia?

Nilifurahi, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Jumapili Crispus alimchukua katika behewa la gadi, ampeleke Nairobi, ampokeze mwenzake wa treni ya Kisumu. Mimi stesheni sikwenda. Nililala mpaka alasiri.

Sufuria niliifunika kifudifudi nyuma ya nyumba, niioshe Jumanne maji yakija. Jumanne maji yakaja, nikafua nguo. Nikasema Ijumaa. Ijumaa nikasema mgongo unaniuma, na kweli ulikuwa unaniuma.

Siku ya kumi, Crispus akapiga hodi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Breki hali."

"Marahaba. Vipi hali?"

"Hali chakula. Wakimwekea anakaa mbele yake, mate yanamtiririka, anawatazama, hagusi. Maji tu ndiyo anayokunywa. Na mzee amemwona, naye amekataa kula. Anasukuma sahani yake ampe mbwa. Beryl anasema wamekaa wawili wanatazamana, na anaogopa atawazika wote."

Nikahisi hasira, maana uchovu wangu wote hutokea mlango huo. Miezi minane nimemlisha mimi nisiyempenda, leo wanaompenda wanashindwa?

"Mwambie Beryl ashike fimbo," nikasema. "Apige chini, arudi nyuma. Ndivyo alivyozoea."

Crispus akaenda na fimbo yangu yenyewe. Siku ya nne alirudi, na uso wake ukanipa majibu kabla ya salamu. Walipopiga fimbo, Breki alikwenda kujificha chini ya kiti cha mzee, na sasa hata kusimama ni kwa taabu. Mzee hulia bila sauti.

Nikafanya linalofanywa mgeni akija na habari mbaya: nikampakulia. Palikuwa na wali na mbaazi za nazi. Nikaweka sinia mkekani, akanawa, akakaa. Mimi nikasimama pale na kata ya maji mkononi, mawazo yangu yako Siaya, chini ya kiti. Nilikuwa namwona akiwatazama midomo. Nilikuwa najiuliza nimemfanya nini yule mnyama.

Baada ya muda nikaona wali umeacha kutoa moshi. Crispus amekaa, mikono juu ya magoti.

"Nawe mbona huli? Au nawe umegoma?"

Akaona haya. "Nangoja useme, mama."

"Niseme nini?"

"Bismillahi. Kwako mtu hali mpaka useme. Siku ya kwanza niliyokuja na mzee Awiti nilitia mkono mapema, akanifinya paja mpaka nikatoa sauti. Tangu hapo nangoja."

Nikakaa chini, na kata yangu, na maji yakamwagika mkekani.

Mama yangu hakuweka chakula mbele ya kiumbe bila kulitaja neno lile, nami silisemi kwa kukusudia, linatoka lenyewe kama pumzi. Kila jioni, miezi minane, nimeweka sufuria, nimerudi hatua tatu, nimesema Bismillahi, na mbwa akala. Nilidhani namfunza kuogopa fimbo. Kumbe nimemlea kama watoto wangu, nikamtia adabu ya nyumbani kwetu, kisha nikampeleka kwa watu wasioijua na nikawatumia fimbo.

"Bismillahi, mwanangu, kula upesi," nikamwambia Crispus. "Treni inaondoka saa moja."

Nikaandika nyuma ya karatasi ya dawa za miguu yangu: *Beryl, weka chakula, rudi nyuma hatua tatu, sema Bismillahi. Nisamehe, sikujua.* Crispus akaondoka akitafuna.

Nikangoja. Sijui kama inafaa kumwombea mbwa, na sikumwuliza mtu, kwa kuogopa jibu. Niliomba tu. Kazini nikachanganya mashuka ya wodi mbili, nikagombwa. Jioni nikapita kwenye ile kona bila kutazama. Nilikuwa na hamu naye, jamani. Nilikuwa nimechoka kwa sababu yake, na sasa nilikuwa nimechoka zaidi, na safari hii hakuna wa kumlalamikia.

Crispus alikuja Jumanne ya pili. Sikumngoja afike mlangoni, nilimfuata njiani na ndala za ndani.

"Amekula," akaniambia.

Nikamwambia arudie, akarudia.

Barua ya Beryl ilikuwa fupi, na Crispus alinisomea palepale kwa kuwa miwani niliiacha. Beryl alimsomea kwanza baba yake karatasi yangu ili ajue linalotaka kufanywa, kisha akaweka ugali na samaki, akarudi nyuma. Kabla hajalisema yeye, mzee akainua ule mkono wa kushoto kumzuia. Mdomo wake ukaanza kuhangaika. Ikachukua muda mrefu, hata Breki akageuza kichwa akamtazama yeye. Kisha mzee Awiti, ambaye hakuwa ametamka neno tangu siku aliyoanguka, akalitoa, vipande vipande, mate yakimtoka: Bisi. Milahi. Breki akainamia sahani. Alipomaliza, mzee akavuta sahani yake, akala.

"Sasa hulisema kila jioni," Crispus akasoma. "Ndilo neno pekee alilonalo. Mchungaji alipokuja kumwombea, baba alimwambia hilo hilo, nasi tukaangalia chini. Mama Mejumaa, tunakushukuru. Usijali kuhusu sufuria yako, Crispus ametuambia. Tutakununulia nyingine."

Nilicheka mpaka nikalia, au nilianza na kilio, sikumbuki. Crispus akajifanya anatazama watoto wanaocheza mpira.

Alipokwenda zake nilizunguka nyuma ya nyumba. Sufuria ilikuwa palepale, kifudifudi, na ukoko wa ugali umegandia ukingoni, na upande mmoja alama za meno. Wiki tatu nilikuwa nimeiogopa, na sasa nilijua kwa nini. Bomba lilikuwa linatoa maji. Nikachukua mchanga kiganjani nikasugua mara ya kwanza, polepole, kila pembe. Kisha nikaiosha kwa maji mara sita, nikihesabu kwa sauti, na ile ya mwisho niliikawiza mpaka magharibi ikaadhiniwa.