Holoku ya Nakuapa

Mwaka ule ulikuwa wa tatu tangu nipange kwa Kapeka, mshonaji wa bandari ya Lahaina, meli zikiwa zimenichosha. Dada yake mkubwa, Nakuapa, alikuwa amelala mkekani karibu na mlango, kifua kimemmaliza. Ombi lake lilikuwa moja tu: avae holoku mpya nyeusi, gauni refu linalopwaya la wanawake wa huko, akiwa hai, asingoje kuvikwa na watu.

Kapeka mwenyewe alikuwa amepooza mkono wa kulia. Akaongoza kitambaa kwa wa kushoto, mimi nikazungusha gurudumu la cherehani.

"Holo!" akisema, nazungusha. "Ku!" nasimama. Kwa lugha yao holo ni kwenda au kukimbia, ku ni kusimama.

"Miaka mitatu unakula magimbi yangu, baharia, na mkono bado mlegevu hivyo?"

"Ndivyo vazi lilivyopata jina," nikasema. "Hivi, kwa cherehani. Washonaji wote wananiambia."

"Wanakudanganya nawe unameza. Tulilivaa kabla cherehani hazijafika. Mama alisema, wa kwanza kulivaa aliona linavyompwaya, akasema: humu nitakimbia, holo, humu nitasimama, ku."

"Mama alikuwa mwongo, mdogo wangu," Nakuapa akasema kutoka mkekani.

Tulicheka. Kicheko chake Nakuapa kikageuka kikohozi, kikachukua muda mrefu. Kapeka hakumtazama.

"Holo," akaniambia polepole.

Tulikuwa tunashona pindo la chini niliposikia, "Ku!" Nikasimama.

"Nani kakwambia usimame?"

"Si wewe?"

Hakuwa yeye. Nakuapa alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, anajaribu kuinuka. Kapeka akakata uzi kwa meno. Mimi nikageukia ukutani, yeye akamvika, pindo likiwa nusu na nyuzi zinaning'inia. Nilipogeuka, vazi lilikuwa limemshuka toka mabegani hadi miguuni, mifupa yote imefichwa.

"Nimependeza?"

"Kama mke wa chifu, dada."

"Mwongo kama mama."

Akaachia mlango. Alisimama peke yake, akitazama barabara, labda kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Kisha tukamlaza.

Alifariki siku ya tatu, vazi lile likiwa mwilini. Nilichukua sindano nimalizie pindo, Kapeka akanishika mkono.

"Weka hiyo. Wa kusema halijaisha ni yeye, na hakusema."