Ngazi Iliyoishia Darini

Nyumba yao ilikuwa na ngazi nzuri kuliko zote mtaani, ila haikwenda popote. Ilianzia sebuleni, pembeni mwa mlango wa bafu, ikapanda kidato baada ya kidato na kuishia darini. Aliyethubutu kuipanda mpaka mwisho aliambulia kugonga kichwa kwenye mbao. Kwa sababu hiyo mwenye nyumba, fundi muashi hodari, mtaa mzima ulimwita Ghorofa, naye aliitika bila kinyongo. Chekeni tu, aliwaambia, siku nikimwaga zege la juu mtakuja kuniomba nafasi ya kupunga upepo.

Ngazi hiyo ilizaliwa na mzaha. Alipokwenda kumposa mkewe, ambaye wakati huo alikuwa msichana anayejifunza kushona mapazia, binti huyo mwenye ulimi mwepesi alisema mbele ya shangazi zake kwamba haolewi na mwanamume anayewajengea watu ghorofa halafu amlaze yeye chini. Shangazi walicheka mpaka wakajifuta machozi. Ghorofa hakucheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha: nyumba haijapata hata milango ya vyumbani, ngazi ilikuwa imeshasimama.

Wala tusimsingizie mke kwamba hakuitaka. Aliitaka kwa miaka mingi. Alijua dirisha la chumba cha juu litatazama upande gani, na pazia lake alilishona na kulifua mara elfu kichwani mwake. Mumewe akirudi jioni na matofali mawili matatu yaliyobaki kazini, akayapanga nyuma ya nyumba na kusema, "Haya ni ya juu, mama," alijisikia bibi harusi upya. Wasichana wao watatu walikulia kwenye vidato vya chini, wakifanyia hapo masomo na ugomvi wao. Vidato vya juu havikuwa na mgeni, kwa hiyo mama aliweka huko vitunguu na majora ya vitambaa.

Kisha ndoto ikamtoka. Hakugombana nayo. Siku moja alikuwa anaanua nguo, akagundua kwamba siku hizi haangalii juu tena. Nyumba ilimtosha kama ilivyo. Badala ya kufurahi aliona haya, kana kwamba amemchoka mtu asiye na kosa, akaamua kunyamaza. Angemwambiaje mwanamume ambaye magoti yake yameanza kulia kama bawaba kavu kwa kupanda majengo ya watu? Ahadi ni deni, na mdai alikuwa yeye.

Huenda angenyamaza mpaka kaburini, kama mama mkwe asingeanguka na kuvunjika nyonga. Bibi yule aliletwa kwao akitembea kwa fimbo, naye alihitaji kulala karibu na bafu. Chumba cha wasichana kilikuwa mwisho wa nyumba, na tayari kimejaa. Ghorofa na mkewe walipompa chumba chao, alikataa katakata. Hawezi, alisema, kulala kwenye kitanda cha mwanawe na mkewe, wamwie radhi. Basi kitanda chake kikawekwa sebuleni, ubavuni mwa ngazi, na mkwe akamshonea pazia zito lenye bitana. Ni kwa muda tu, Ghorofa aliahidi. Zege likimwagwa, yeye na mkewe watahamia juu na chumba chao kitakuwa cha mama. Wiki zikawa miezi, na pazia likaanza kupauka.

Mchana mmoja walikuja wateja wawili kuchagua mapazia ya ukumbi. Walikuwa wacheshi, na kazi ilikuwa kubwa, kwa hiyo mke, ambaye sasa alikuwa fundi mapazia, aliwakaribisha chai na kuwapigia soga mpaka wakasahau kilichowaleta. Alicheka siku hiyo, tena kicheko cha kushika mbavu. Walipoondoka, akasikia sauti ndogo nyuma ya pazia.

"Mkwe wangu, wameshaenda?"

"Wameenda, mama."

"Nilikuwa nawasubiri waende. Sikutaka kupita mbele za watu na fimbo yangu, nimevaa nguo ya kulalia." Bibi akashusha sauti. "Nisamehe mwanangu. Nimekuchafulia shuka."

Mwanamke mzima aliyelea watoto wake na wa wenzake, anaomba msamaha kwa kukojoa kitandani, kwa sababu mkwewe alikuwa anacheka hatua tatu kutoka hapo. Pazia lilikuwa zuri kweli, halikupitisha hata mwanga. Fundi mapazia alimwogesha, akatandika upya, akamwambia si kitu, mama, ni shuka tu. Lakini alipokwenda kufua, nafsi ilimsuta. Alijua fika kwamba pale palipo na ngazi pangetosha chumba chenye mlango wake. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza bibi alipoingia na fimbo.

Jioni alimngoja mumewe nyuma ya nyumba, kwenye matofali, akamweleza yote. Ghorofa alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alisema ndiyo maana amekubali kazi ya jengo refu kule mbali, magoti yatavumilia, na akirudi tu wanamwaga zege.

"Sitaki ghorofa, baba," mkewe akasema.

"Umechoka leo."

"Sijachoka. Sitaki. Ivunje hiyo ngazi, mama apate chumba."

Ghorofa alimtazama kama anayemsikiliza mtu wa lugha nyingine. "Tangu lini hutaki?"

Angeweza kusema tangu leo, na uongo huo ungewafaa wote wawili. "Siku nyingi," akasema. "Hata sikumbuki."

"Na mimi naleta matofali."

"Ndiyo."

"Unaniangalia tu."

"Niliogopa nikikwambia utaacha kuniletea," akasema, na machozi yakamtoka, maana hakuwahi kulisikia neno hilo hata moyoni mwake kabla halijamtoka mdomoni. "Nilipenda unavyokuja nayo. Nikakuacha uendelee."

Ghorofa alivaa kofia, akaingia ndani. Hakula, alisema hana njaa. Kwa siku kadhaa aliongea na mama yake, na wasichana, hata na paka, na mkewe akapewa salamu tu. Hakulalamika. Aliona hiyo ni adhabu nafuu kuliko anayostahili.

Siku ya mapumziko, wasichana walipokwenda kwa mama yao mdogo, Ghorofa alitoka stoo na nyundo na tindo. Kazi ya jengo refu alikuwa ameikataa, aliuambia ukuta. Matofali ya nyuma yalitosha kuta mbili za chumba cha mama, alishayapima. Bibi alihamishiwa barazani kwenye kiti, akagoma kidogo kwamba wasivunje nyumba kwa ajili ya mpita njia, mwanawe akamwambia anywe chai.

Mke alimkuta amesimama chini ya ngazi, nyundo mkononi, hafanyi lolote.

"Anzia hapo basi," akamwambia kwa upole.

"Ngazi haivunjwi hivyo. Unaanzia juu. Ukianzia chini itakuangukia."

Basi wakapanda. Mke alitangulia kuondoa vitunguu na majora, akafagia maganda, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akaviona vidato vya juu vikiwa vitupu. Vile vya chini, vinavyoonwa na wageni, vilikuwa na kingo kali kama za ngazi yoyote. Hivi vilisuguliwa mpaka vikang'aa, na kingo zake zilikuwa za mviringo, laini, zimefanywa kwa mkono na subira. Alipitisha kidole. Hata kwenye majumba ya matajiri anakopeleka mapazia hakuwahi kuona kazi kama hiyo.

"Kwa nini vya huku ndivyo vizuri?" akauliza.

Ghorofa aliketi, goti likalia. "Huku ndiko ungekanyaga kwanza ukitoka kulala," akasema. "Bila viatu."

Mke aliona kwamba miaka yote hiyo yeye ameweka vitunguu juu ya kitu alichotengenezewa, na angeomba ardhi immeze kama isingekuwa mbali huko chini. Akavua ndala zake, akaziweka pembeni. Akasimama, kichwa ameinamisha kwa sababu ya dari, akakanyaga kidato cha juu kabisa, kisha cha pili, kisha cha tatu, taratibu, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Zege lilikuwa la baridi na halikuuma popote. Mumewe alimtazama miguu.

"Asante kwa ghorofa," mke akamwambia.

Mumewe hakumjibu kwamba amemsamehe, na mke hakuuliza. Ghorofa akamnyooshea tindo, akamwonyesha mahali pa kuiweka kwenye ukingo ule wa mviringo.

"Shika kwa nguvu," akasema, "na usiutikise mkono."

Mke akaishika kwa mikono miwili, naye mumewe akapiga.