Presha ni Moja

Usiku wa jana niliota nampeleka mama hospitali ya rufaa Mbeya kwa pikapu yetu ya kubebea viazi. Mama ana presha ya kushuka, hilo ni kweli hata nikiwa macho. Ndotoni alikaa kando yangu, khanga kichwani, midomo imemkauka, na nilijua tusipofika atakufa. Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu, nikaogopa.

Tulipoanza kupanda mlima baada ya Kiwira, pikapu ikakohoa, ikasimama katikati ya barabara.

"Naona giza," ikasema.

"Una nini?"

"Kizunguzungu. Kwenye tambarare najikaza, ila nikianza mlima tu nguvu zinaniishia."

"Hata mimi ndivyo ninavyojisikia," mama akadakia, na wawili hao wakaanza kupeana pole. Sikupenda walivyoelewana upesi namna ile.

Nikashuka, nikapiga kelele kuomba msaada: "Presha imeshuka!" Sikusema ya nani. Hapo ndipo nilipoharibu, maana kwetu fundi na daktari wanatumia neno hilohilo, na aliyesikia hakuwa na muda wa kuuliza.

Boneti linafunguka lenyewe. Anatoka muuguzi mwenye gauni jeupe, ananuka petroli. Shingoni amening'iniza geji moja ya kupimia presha, yenye mipira miwili. Mmoja anauchomeka kwenye njia ya mafuta ya injini, wa pili anamfunga mama mkononi.

"Sista, hao ni wagonjwa wawili," namwambia.

"Umeripoti presha. Hukuripoti presha mbili." Anaisoma geji. "Imeshuka. Na bado inashuka."

"Ya nani?"

"Yenu."

Nikainama kwenye injini nitafute kosa, kumbe niko kwenye korido ya zahanati, sakafu imelowa petroli. Kwenye benchi wameketi chujio na pampu, wanasubiri kuitwa. Chujio likaapa kwamba ni safi, likajifunua nilikague, na kweli hapakuwa na hata punje ya uchafu. Basi hasira zote nikamgeuzia pampu.

"Kumbe mvivu ni wewe!"

Pampu akaumia. "Nasukuma tangu asubuhi, kaka. Ninachosukuma kinapita kwenye injini bila hata kusalimia, kinarudi zake kwenye tenki. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani."

Nyuma yangu mama akakohoa, na pikapu ikakohoa vilevile. Nilipogeuka, korido ilikuwa imeshakuwa barabara, na uso wa mama ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kama mafuta yanarudi, bana mpira wa kurudishia," muuguzi akaniamuru, akanikabidhi koleo. "Presha ikipanda, tumeujua ugonjwa."

Nikauona mpira mweusi, nikaubana. Mshale wa geji ukaruka juu, injini ikanguruma. Nikashangilia kama mwehu, kisha nikasikia yowe la mama.

Nikaugusa ule mpira. Ulikuwa na joto la mwili, na ndani yake mapigo yalikuwa yanadunda taratibu.

"Sista, niachie?"

"Ukiachia, vyote vinarudi. Na safari hii havitaishia kwenye tenki."

"Bana tu, mwanangu," mama akasema. "Mkono si kitu. Ila nani ataendesha?"

"Najiendesha," pikapu ikajibu kwa furaha. "Mimi nimeshapata nafuu."

Sasa tunapanda. Nimelala juu ya injini, kichwa chini, barabara siioni. Muuguzi hayupo tena. Koleo linalainika, linayeyuka kama samli, nabaki nimebana kwa vidole vitupu. Namwita mama, anaitika. Namwita tena, anaitika kwa mbali, kama aliye ng'ambo ya mto. Naogopa kumwita mara nyingine, maana nikimwita asipoitika nitakuwa nimeshajua. Namwita.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, jua liko dirishani, na mama alikuwa jikoni akikoroga uji huku akiimba wimbo wa kwaya. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umekunja ngumi, umekufa ganzi. Nikaucheka woga wangu, nikaanza kuvifungua vidole kimoja kimoja.

Jikoni wimbo ukakatika. Mwiko ukaanguka sakafuni.

Nikaufumba mkono upesi, nikaukaza mpaka kucha zikaingia kwenye nyama.

"Hamna kitu, Anyosisye," mama akasema kutoka kule. "Kizunguzungu tu kilinipitia. Kimeshaondoka."

Akaendelea kuimba. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.