Mlio wa Nyuma

Nyuma ya gari paligonga tena, na Nahashon akaongeza sauti ya redio. Mume wangu ni mtu mwema, lakini akishasema gari lake halina kasoro, hata likikatika vipande viwili atalaumu barabara.

Mbele aliketi mama yake. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kupofuka, na la pili lilikuwa lipasuliwe Kilifi alasiri hiyo. Tuliingoja nafasi hiyo tangu mwaka jana. Mimi nilikuwa nyuma, nimempakata binti yetu Purity, na kila pigo nililisikia mgongoni.

"Baba Purity, simama."

"Ni shokabzoba tu. Nimeweka mpya, bado hazijazoea."

Karibu na Gede tuktuk ikaingia barabarani ghafla. Nahashon alipokanyaga breki, mkia wa gari ukaenda kando peke yake. Niliogopa, nikambana mtoto mpaka akalia.

"Kawia ufike, mwanangu," mama mkwe akasema. Hapo ndipo Nahashon aliposimamisha gari.

Gereji ya fundi mmoja aitwaye Baya ilikuwa hapohapo kando ya barabara, yenye shimo la kukagulia magari. Baya aliuegemea mkia wa gari, akaudidimiza mara kadhaa. Kimya.

"Unaona?" Nahashon akasema.

"Likisimama halisemi. Nitaliendesha mimi. Mtu aingie kwenye buti, huku nyuma, asikize."

Nahashon alikuwa akisikia anachotaka tu. Nikamkabidhi mtoto, nikajifunga leso kiunoni, nikaingia mwenyewe.

"Mke wa mtu ndani ya buti!" mama mkwe akanung'unika.

Nililala gizani, viganja sakafuni, Baya akilipeleka gari kwenye njia ya vumbi. Mashimoni halikusema sana. Lakini kila aliposhika breki, na kila alipoiachia, kitu kiligonga chini ya mkono wangu wa kulia.

"Ni breki," nilimwambia nikitoka. "Hapo ndipo linapogonga. Upande huu."

"Basi si shokabzoba." Aliliweka gari juu ya shimo, akashuka na mtaimbo. Alipochokoa, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu ulicheza huku na huku. Bushi yake, raba inayokaa kwenye maungio, ilikuwa imevimba na kulainika kama ndizi iliyooza. Vidole vyake vilitoka vyeusi.

"Nani hupaka oili chafu huku chini?"

"Mimi," Nahashon akajibu. "Kila mwezi. Chumvi ya bahari inakula chuma. Kwetu Muyeye wote tunapaka."

"Chuma umekiokoa, ndugu yangu. Raba ndiyo iliyoliwa na oili. Ungefunga breki mbele ya lori, gurudumu lingegeukia litakako."

Nahashon alikaa juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa na hasira nyingi, sikumhurumia.

"Mimi na mtoto hatupandi tena," nikasema. "Mama tutamtafutia gari jingine."

Nahashon akainuka. Alikwenda dukani kununua bushi, akarudi mbio, akamsaidia Baya kuzitia. Saa ilikuwa inatukimbia. Gari likiwa bado juu ya jeki, Nahashon akashika spana akaze nati.

"La," Baya akamzuia. "Ukikaza gurudumu likining'inia, raba itajipinda, ichanike mapema. Lishushwe, wenye gari wapande kama wasafirivyo ili lipate uzito wake, ndipo nati ikazwe."

Gari likashushwa. Nahashon aliomba akaze mwenyewe, akaingia shimoni, Baya akamshikia taa. Mama mkwe alipapasa mlango, akaketi mahali pake bila kuuliza chochote.

Mimi nikabaki nimesimama na mtoto. Niliuona uso wa mume wangu kule chini ya gari, umejaa oili, umenielekea.

"Mama Purity, sikulazimishi."

Nikafungua mlango, nikakaa kiti cha nyuma, juu ya gurudumu lile la kulia, nikampakata mtoto.

"Umekaa?" akauliza kutoka chini.

"Nimekaa. Kaza."