Usukani Uliokwenda Kinyume

"Mama Véro, kamata usukani, zungusha polepole," Bulaimu alisema kutoka chini ya gari. Miguu yake tu ndiyo ilionekana.

Véronique hakuzungusha mara moja. Alivuta pumzi kwanza, maana tangu Jumatatu fundi huyu alikuwa akimwambia "bado kidogo", na kidogo chake kilikuwa kimemaliza wiki nzima. Leo ilikuwa Jumamosi, na shemeji yake Gérard angefika mchana kulichukua gari.

Gari lenyewe lilikuwa zee na la ajabu. Nyuma lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja na jiko, kwa sababu Wazungu waliokuwa wakizunguka nalo Afrika waliliacha hapa Kasongo lilipowashinda. Evariste, mume wa Véronique, alilifufua. Wakawa wanakwenda nalo Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, wanapika bugali na sombe ya majani ya mihogo kwa wachimbaji, wanalala humo humo. Evariste alipofariki, Véronique akaendelea peke yake. Lakini usukani ule ulikuwa mzito kama kusukuma ng'ombe aliyegoma, na siku moja katika matope ya njia ya Wamaza bega lake la kuume likateguka. Halikurudi sawa tena.

Hapo shemeji yake Gérard, mdogo wa marehemu, akapata neno. Kwenye kikao cha ukoo alisema gari ni la kaka yake, na kama mwanamke hawezi kulizungusha, atalichukua yeye alifanye la mizigo. Kitanda na jiko atang'oa. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, kama kwamba jiko lile halikuwalisha wao pia.

Ndiyo maana alimwendea Bulaimu amtilie usukani wa pompi, ule ambao injini inasukuma mafuta na mafuta yanasaidia mkono. Vifaa vilitolewa kwenye gari lililofia Wamaza, vikaja kwa pikipiki.

Akazungusha. Usukani ukaenda laini, kwa kidole, na bega halikulia. Machozi yalimlenga. Bulaimu akatoka chini, akatazama matairi ya mbele.

"Bulaimu."

"Mama."

"Miye napeleka kuume."

"Naona."

"Na matairi?"

"Ile imeenda kushoto," Bulaimu alisema, akijifuta mikono ambayo haikuwa ikifutika.

Gari la Wamaza lilitoka Tanzania, usukani wake uko kuume. Hili lilikuwa na wake kushoto. Boksi ya usukani ilipokataa kuingia, Bulaimu aliipindua kama chapati, ikaingia vizuri, akafunga boliti; sasa ikawa inageuza matairi kinyume.

"Ukapindua tu? Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza, mama. Nikasema, tutaona."

"Haya. Tumeona."

Alitamani kumpiga na sufuria. Boksi nyingine ingetoka Kalemie, na ubovu wa njia ya Kalemie kila mtu anaujua. Akawasha gari kwa hasira tu, akaliingiza kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya garaji. Alitaka kushoto, likaenda kuume likaangusha goli la miti. Akarudi nyuma, akatukana, akaanza tena, goli la pili likaponea chupuchupu.

Kisha akasimama, akatulia. Yeye ni mzaliwa wa Nyangwe. Tangu utotoni alikaa nyuma ya mtumbwi kwenye Lualaba, na huko ukipiga kafi kuume, pua ya mtumbwi inakwenda kushoto. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Akafumba macho kidogo, akaikumbusha mikono yake maji, akaondoka. Gari likazunguka kiwanja taratibu bila kugusa kitu.

Gérard alipofika, alimkuta amekaa kwenye ngazi ya gari anamenya vitunguu.

"Shemeji, jambo. Nimekuja kama tulivyosema."

"Jambo, shemeji. Ufunguo iko ndani. Lakini enda polepole, usukani yake haiko kama ya zingine."

"Miye naendesha gari tangu zamani," Gérard alisema.

Akapanda, akawasha, akakata kuume ili atoke garaji. Gari likaenda kushoto, kwenye mihogo ya jirani iliyoanikwa. Akaogopa, akakata zaidi, likazidi kuingia mpaka likazimikia mtaroni. Akashuka mzima, akajitenga nalo hatua mbili.

"Mama Véro," alisema kwa sauti ya chini, "kaka alifunga hii gari na dawa?"

Bulaimu akafungua mdomo. Véronique akamtazama, naye fundi akaufunga.

"Miye sijui, shemeji. Ulizeni marehemu kule kwenye kikao."

Gérard akampa ufunguo kwa mikono miwili, akapanda pikipiki yake, akaondoka bila kutazama nyuma.

Watu wakasaidia kulisukuma gari hadi barabarani. Jirani alikuwa bado anaokota mihogo yake, ananung'unika, na Véronique akamwomba radhi kwa moyo. Kisha akaketi, bega bovu limepumzika, akasukuma usukani kuume kwa kiganja kimoja. Pua ya gari ikageuka kushoto, polepole, kuelekea njia ya Kabambare, ile ya kwenda machimboni.