Bizimu Zenye Harufu ya Nta

Shaba inayotoka kwenye tope la mahandaki yetu ya Friesland, huku Uholanzi, hutoka ya manjano, inang'aa, utadhani imenunuliwa jana. Tope lile halina hewa, kutu haipati pa kuanzia. Kwa hiyo mchimbaji mwenzangu Tjitske aliponiletea bizimu ya kufungia kitabu, ya kijani kibichi kwa kutu, akisema kaitoa chini kabisa ya handaki, sikufurahi hata kidogo. Nilimtazama yeye kwanza, kisha nikamtazama Ruurd.

Ruurd alikuwa msimamizi wa kampuni iliyotaka kujenga nyumba pale. Kutwa kusimama ukingoni na buti zake safi, akiuliza tunamaliza lini. Handaki la maji lilizunguka kiwanja kilichoinuka, na juu yake aliishi Hylke, mkulima mjane, mpangaji tu. Sisi wachimbaji wa mambo ya kale tuliamini kwamba enzi za kati masista walikuwa na kanisa pale. Tukithibitisha, serikali ingepiga marufuku ujenzi na Hylke angebaki kwake. Tukishindwa, Jumatatu katapila linaingia, na linaanza na nyumba yake.

Ikatokea bizimu ya pili, kisha kipande cha kinara cha altare. Vyote kijani. Wenzangu wakashangilia, mimi usingizi ukanipaa. Nilijiambia, huyu Ruurd anatutegea. Anafukia vitu, sisi tutangaze kwa mbwembwe, halafu atuumbue mbele ya serikali, na hata yale matofali makubwa ya masista tuliyokuwa ndiyo kwanza tunayafikia yasiaminike tena.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamfuata kwenye gari lake, nikamwambia mchezo wake nimeujua, vitu kavifukia yeye. Alinisikiliza huku akitafuna mkate wake wa jibini, kisha akaniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli kuna vitu vimefukiwa. Hapo nikajua ulimi umeniponza.

Saa ya kahawa tukaenda jikoni kwa Hylke kama kawaida. Kakata mkate wa sukari, kaupaka siagi nene, na meza kaisugua nta kama anavyosugua kila kitu ndani ya nyumba ile, hata viatu vyake vya mbao. Niliinamia kikombe, harufu ikanipiga puani. Nikatoa bizimu mfukoni, nikainusa. Nta ile ile. Nikangoja wenzangu warudi kazini.

"Mzee Hylke, hivi vitu umevitoa wapi?"

Kwanza alijaribu utani, eti mimi Baukje leo nimekuwa mbwa wa polisi. Sikucheka. Akakaa.

"Hapo hapo juu, bustanini. Jembe linatoa, mimi naokota."

Alikuwa ameviweka miaka yote kwenye kopo la biskuti, anavifuta, anavipaka nta. Hakumwonyesha mtu. Watu wa makumbusho aliwashuku tangu ujana: wakijua kuna kitu, watamfukuza pale. Sasa aliposikia habari za katapila, akavirudisha ardhini. Akavitia handakini, maana ndiko alikotuona tunachimba.

Nilitaka kumkaripia, nikaona machozi yananilenga. Vilikuwa vya kweli, jamani. Angeniwekea lile kopo mezani siku ya kwanza, akanitembeza bustanini kunionyesha alipookota hiki na kile, nyumba yake ingekuwa imepona.

"Si ni vya masista?" akauliza.

"Ni vya masista. Lakini umeviingiza kwa mkono wako. Sasa hata matofali yaliyolala pale chini watasema umeyapanga wewe."

"Basi usiwaambie."

"Ruurd anajua vimefukiwa. Anachotafuta sasa ni jina la aliyefukia."

"Nani kamwambia?"

Dirishani nilimwona Ruurd akivuka daraja, anapiga picha, anaongea na simu. Nilitamani kudanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni.

"Mimi."

Hylke hakupandisha sauti. Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye buti zangu za matope, kwa jicho lile lile nililozoea kumwona akimtazamia Ruurd.

"Kumbe ninyi wote kitu kimoja," akasema, akausogeza mkate wa sukari upande wake wa meza.